Je, wajua kwa nini miguu huuma zaidi kwa kushuka kilima kuliko kwa kukipanda?

Ukikimbia asubuhi ya masika kutoka Lushoto mjini hadi Irente, kwenye milima ya Usambara, kwenda ni kupanda, kurudi ni kushuka. Kwenda, pumzi inakatika na kila kona unadhani ndiyo ya mwisho. Kurudi, kifua kimetulia, unapiga hata soga na mwenzako. Kesho yake unashika ukuta ili ushuke ngazi mbili za barazani. Mapaja yanauma kwa ajili ya kupanda kule, au kwa ajili ya kushuka?

Kwa miaka mingi nilijibu bila kusita: kupanda. Sababu nilikuwa nayo tangu mchakamchaka wa shuleni. Misuli ikizidiwa na kazi hutoa asidi ya laktiki, asidi inabaki mapajani, nayo ndiyo inayouma; dawa yake ni kujinyoosha na kukandwa mpaka itoke. Nimewaeleza hivyo wenzangu wengi ninaokimbia nao, na wapo wanaoamini hadi leo kwa sababu walilisikia kwangu. Kwa hiyo nalirekebisha kwa kirefu.

Ni kweli kwamba ukipanda kwa nguvu, laktati, yaani asidi hiyo ikiwa kwenye damu, huongezeka. Lakini haikai. Ukishapumzika, ndani ya saa moja hivi kiwango kinarudi kilipokuwa, maana moyo na misuli yenyewe huitumia kama kuni, na ini huigeuza kuwa sukari. Maumivu tunayoyazungumzia huanza saa nyingi baadaye na kufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kitu kilichokwisha kabla hujamaliza kunywa chai ya asubuhi hakiwezi kuwa ndicho kinachokuuma kesho kutwa.

Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa kukimbiza watu dakika 45 kwenye mashine, tambarare na mteremkoni. Laktati ilipanda kwenye tambarare, na mteremkoni haikupanda. Maumivu ya siku zilizofuata yakaja kwa mteremko. Asidi upande mmoja, maumivu upande mwingine kabisa. Kujinyoosha nako kumechunguzwa mara nyingi, kabla na baada ya mazoezi, na nafuu inayopatikana ni ndogo mno.

Basi kinachouma ni nini? Fikiria gunia la mahindi linaloshushwa kwa kamba kutoka juu ya lori. Anayeishika kamba haivuti. Anaiachia kidogo kidogo, na mikono imekaza muda wote huku ikinyooka. Kila unyayo unapotua mteremkoni, goti hukunjwa na uzito wako, na msuli wa mbele ya paja hufanya kazi hiyo hiyo: umejikaza ili kuzuia, na papo hapo unavutwa urefuke. Kupanda ni kinyume chake, msuli unajikaza na kufupika.

Kazi hii ya kuzuia ni rahisi kwa pumzi kwa namna inayonishangaza kila ninapoifikiria. Mwaka 1952, Abbott, Bigland na Ritchie waliunganisha baiskeli mbili za mazoezi kwa mnyororo, zikipeana migongo. Mmoja akanyage kwenda mbele, mwingine azuie pedali. Walipoionyesha London, mwanamke mwenye umbo dogo aliyekuwa akizuia alimchosha mwanamume mkubwa aliyekuwa akikanyaga.

Wepesi huo una gharama. Katika kuzuia, mwili huita nyuzi chache za msuli kuliko unazoziita kuvuta uzito ule ule. Ni kama gogo linaloteremshwa na watu sita badala ya ishirini: gogo ni lile lile, ila kila kiganja kinachubuka zaidi. Na kila uzi umejengwa kwa vipande vidogo vilivyofuatana kama pingili za muwa. Pingili dhaifu huvutika kupita kiasi, baadhi huharibika, kisha mwili huanza ukarabati unaoambatana na uvimbe, na neva za maumivu huwa nyepesi kushtuka. Ukarabati huo huchukua saa nyingi, ndiyo maana maumivu huchelewa. Namna hasa pingili zinavyoharibika bado wanasayansi wanabishania.

Sasa ongeza tope. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni. Mtu anayehofia kuteleza hukaza misuli ya mbele na ya nyuma ya paja kwa pamoja, na breki zinakuwa nyingi zaidi. Majaribio niliyoyataja yalifanyika pakavu, kwa hiyo hapa naunganisha mambo kwa hoja, sina kipimo cha tope lenyewe. Nionavyo mimi, nusu ya tatizo ni hatua ndefu: kisigino kinatua mbele ya mwili na goti linapokea kishindo chote. Hatua fupi za haraka, unyayo ukitua karibu na chini ya nyonga, hupunguza mzigo wa goti na utelezi pia. Raba zenye meno makubwa husaidia, ingawa tope likishajaa katikati ya meno, umevaa soli tupu.

Maumivu yakiwa makali ajabu, paja likavimba na mkojo ukawa na rangi ya strungi, hilo ni jambo jingine: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo zuri kuliko yote ni kwamba msuli hukumbuka. Mshuko mmoja tu, hata mfupi, huukinga kwa wiki kadhaa. Mshuko wa pili wa aina ile ile huuma kidogo sana. Kwa hiyo siku hizi mwishoni mwa Februari, njia zikiwa bado kavu, natafuta mteremko mfupi wa nyasi. Naushuka mara nne polepole, narudi juu kwa kutembea, halafu naenda nyumbani.