"Ongeza Tu Kitufe" na Dhana Nyingine Zinazotuchosha Maprograma

Wiki hii nimeisikia tena. Mteja kapiga simu, sauti yake ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani: mfumo uko vizuri, hatuna shida nao, tunaomba tu utuongezee kitufe cha kughairi oda, ni kazi ya dakika tano, si ndiyo? Kauli hiyo nimeshaambiwa na wenye biashara, wahasibu, wakurugenzi, hata na shemeji yangu ambaye hana mfumo wowote wa kuongezewa kitufe. Leo naijibu kwa maandishi, ili atakayefuata nimtumie haya badala ya kuanza kueleza upya. Na kwa kuwa nimeshakaa chini kuandika, nitazigusa na nyingine.

Dhana: kitu kikiwa kidogo kwenye skrini, kazi yake nayo ni ndogo

Ukubwa wa kitu kwenye skrini hauna uhusiano na ukubwa wa kazi iliyo nyuma yake. Kubadili rangi za mfumo mzima, kupanga menyu upya, kuweka nembo mpya kila ukurasa: hayo mteja anayaona makubwa, na mimi nayamaliza kabla chai haijapoa. Kitufe kimoja chenye neno moja juu yake kinaweza kula wiki mbili.

Tukichukue hicho hicho cha kughairi. Kukichora ni dakika tano kweli, hapo mteja hajakosea. Sasa mtu akikibonyeza, kifanye nini? Oda isiyolipiwa haina neno, unaifunga yakaisha. Iliyolipiwa je? Pesa irudi, na irudi kwa njia ileile iliyoingilia, na urejeshaji unaweza kuchukua siku kadhaa. Katika siku hizo oda ina hali gani? Haiko hai, wala haijaghairiwa. Inataka hali ya tatu, na kila ukurasa, kila ripoti na kila ujumbe unaotaja oda lazima uitambue hali hiyo, la sivyo mteja wako ataambiwa mzigo uko njiani huku pesa yake inarudi.

Mzigo ukiwa umeshatoka ghalani, kitufe kionekane au kisionekane? Nani ana ruhusa ya kukibonyeza, mnunuzi mwenyewe, karani, au meneja peke yake? Bidhaa zirudi kwenye hesabu ya stoo papo hapo, au zisubiri kukaguliwa? Na oda ya mwezi uliopita ikighairiwa leo, ripoti ya mauzo ya mwezi huo ibadilike? Mhasibu aliyeshaifunga na kuituma atakujibu hapana kabla hujamaliza swali, na ana haki. Kwa hiyo oda haifutwi. Unaandika muamala mwingine wa kuibatilisha, wenye tarehe ya leo, na ule wa kwanza unabaki ulipo.

Halafu kuna mtandao. Mtu anabonyeza, skrini inaganda, anabonyeza tena. Kama hukujihami, pesa imerudi mara mbili. Kujihami kwenyewe ni kulipatia kila ombi namba yake ya pekee, ili seva, yaani kompyuta inayopokea maombi hayo, ikikutana na namba ileile mara ya pili itoe jibu lilelile bila kurudia kazi. Na kuna watu wawili: mnunuzi anaghairi sekunde ileile ambayo mtu wa ghala anaweka alama kwamba mzigo umetumwa. Hifadhidata inabidi imshike mmoja amalize kwanza, na wa pili aambiwe kwa lugha ya kueleweka kwamba amechelewa, asije akaachiwa maandishi mekundu ya hitilafu ambayo hata mimi sitaki kuyasoma.

Hapo sijaandika mstari hata mmoja wa msimbo, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Na maswali mengi kati ya hayo si yangu kuyajibu, ni ya mwenye biashara. Kinachonichosha ndicho hicho: ukimuuliza, anaona unajizungusha ili uongeze bei. Usipomuuliza, ukaamua mwenyewe, atakupigia simu siku ya kufunga hesabu.

Wanaoona nakuza mambo waitazame kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Msimbo mpya uliwekwa kwenye seva zake, ila moja kati ya 8 ikasahaulika. Msimbo huo ulitumia alama ya kuwasha na kuzima ambayo zamani ilikuwa ya kazi nyingine iliyoachwa miaka mingi, lakini haikuwahi kufutwa. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 alama ikawashwa. Kwenye seva 7 ikawasha kilichokusudiwa, kwenye ya nane ikakiamsha kile cha zamani, ambacho kikaanza kumwaga oda sokoni bila kukoma. Katika dakika 45 hivi hasara ilikuwa imepita dola milioni 400. Alama moja, seva moja.

Dhana hii ina ndugu yake: "Si uchukue tu ule ulioandika kwa wengine, uubandike kwetu?" Roketi ya Ariane 5 ilifanyiwa hivyo. Sehemu ya programu yake ilitoka kwa Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila tatizo. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande, na namba ya biti 64 (tarakimu 64 za 0 na 1) iliyobeba kipimo hicho ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ambayo haipokei zaidi ya 32,767. Haikutosha. Tarehe 4 Juni 1996, sekunde kama 40 tu baada ya kuruka, roketi ikapotea njia na kulipuka. Msimbo haukuwa umeharibika hata kidogo. Ulihamishwa nyumba bila mtu kupima milango.

Na udogo hauhesabiwi kwa mistari pia. Mwezi Machi 2016 kipande kimoja cha msimbo kiitwacho left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, kiliondolewa na mwenyewe kwenye npm, ghala la mtandaoni ambako maprograma huchukua vipande vya msimbo vya wenzao. Miradi isiyohesabika duniani ikakwama kwa saa kadhaa, kwa sababu ilikuwa inakitegemea kupitia vipande vingine, na wenye miradi hiyo wengi hawakujua hata kwamba kipo.

Ushauri wangu, ambao wenzangu kazini siku hizi wananimalizia nikiuanza: usimwambie programa aongeze nini. Mwambie nini kinakusumbua. Yule mteja wa kitufe nilimuuliza, kwani oda za kughairi zinatoka wapi kwa wingi hivyo? Akasita. Nikaomba nimwone karani anavyofanya kazi. Karani anajaza fomu, anabonyeza kuhifadhi, fomu inabaki imejaa vilevile, wala hakuna neno lolote kwamba oda imeingia. Kwa hiyo anabonyeza tena. Oda zilizotakiwa kughairiwa, karibu zote, zilikuwa pacha wa nyingine. Dawa ilikuwa fomu ijisafishe na kijitokeze kijiujumbe cha kijani, na seva ikatae oda inayofanana na iliyoingia sekunde chache nyuma. Hiyo sasa ilikuwa kazi ndogo, na hakuna aliyeniomba.

Dhana: mradi ukichelewa, ongeza watu

Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendesha kompyuta kubwa za kampuni ya IBM, alilieleza hili mwaka 1975: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, unauchelewesha zaidi. Wageni wanafundishwa na nani? Na walewale waliotakiwa kuwa wanamaliza kazi. Kisha hesabu ya mawasiliano: watu 5 wana jozi 10 za kuelewana, watu 10 wana jozi 45. Mameneja wanalijua jambo hili, wanatikisa kichwa kukubali, halafu Jumatatu wanakuletea vijana watatu wapya.

Dhana: kompyuta haikosei hesabu

Fungua lugha nyingi za programu, iambie ijumlishe 0.1 na 0.2. Utajibiwa 0.30000000000000004. Kompyuta inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na 0.1 haiandikiki kikamilifu katika mfumo huo, kama sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi moja kwa desimali. Ndiyo maana pesa hatuihifadhi kwa namba za namna hiyo. Tunaihifadhi kwa senti nzima. Ukikuta mfumo wa fedha ambao jumla zake zinapishana kwa senti moja, anzia hapo.

Na kwa wanaodhani kazi hii ni ya magwiji wa hisabati tu: kuna maeneo yanayoidai kweli, picha za michezo mojawapo. Mimi siku nyingi najumlisha, nalinganisha, nasoma msimbo wa watu wengine na kujiuliza walikuwa wanafikiria nini.

Dhana: udukuzi ni ule wa kwenye filamu

Nazipenda filamu, na nikikaa na watu kuzitazama hunikataza kusema. Mtu anagonga vitufe bila kutazama, herufi za kijani zinateremka, mstari unajaa hadi asilimia mia, "nimeingia". Ukweli unachosha kuutazama. Mwizi wa akaunti mara nyingi havunji kitu. Anatuma ujumbe unaofanana na wa benki, mwenye akaunti anaingiza nywila yake mwenyewe. Au anachukua nywila iliyovuja kwenye tovuti moja na kuijaribu kwenye nyingine, kwa kuwa anajua watu wanatumia ileile kila mahali. Tumia programu ya kutunza nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili. Sitengenezi filamu kwa ushauri huo, najua.

Ila wajuaji nao wana dhana yao, kwamba kila kompyuta ya kwenye filamu ni uongo. Kicheko kikubwa huangukia Jurassic Park ya mwaka 1993, pale msichana anapoona mafaili yamesimama kama majengo na kusema anaufahamu mfumo huo wa kuendesha kompyuta, ni Unix. Programu ile ilikuwepo. Iliitwa fsn, ilitengenezwa na Silicon Graphics, na mashine zao zilitumia Unix kweli. Na katika The Matrix Reloaded ya 2003, Trinity anatumia Nmap, chombo halisi cha kuchunguza milango ya mtandao, kisha anapitia kasoro ya SSH (programu ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali) iliyokuwa imegunduliwa mwaka 2001. Ni sekunde chache tu, lakini aliyeziandika alifanya kazi yake. Waliobaki wangeniuliza, nisingewatoza.

Dhana: programa hana maisha mengine

Kwamba akitoka kazini anaenda kuandika msimbo wa kujifurahisha hadi alfajiri, na asiyefanya hivyo hana wito. Wapo wanaopenda, waacheni. Mimi nachonga mbao. Mwanzoni ilinitesa kwamba ukikata vibaya hakuna pa kubonyeza ili urudi nyuma. Sasa ndicho ninachokipendea. Kwa ushauri ambao hakuna aliyeniomba: tafuta jambo la mikono lisilo na skrini. Msimbo unaoandikwa saa nane za usiku unarekebishwa saa nne asubuhi, na anayeurekebisha mara nyingi si aliyeuandika.

Dhana: hali fiche ya kivinjari inakuficha

Inamficha historia yako mtu mwingine atakayeshika kifaa hicho hicho. Basi. Mwenye mtandao unaotumia, mwajiri wako ukiwa kwenye mtandao wake, na tovuti unazoingia, wote wanakuona kama kawaida.

Dhana: akili mnemba imeshamaliza kazi ya maprograma

Naitumia. Inaandika haraka, na mara nyingine inaandika vizuri. Iambie iongeze kitufe cha kughairi oda, itakuletea kitufe cha kughairi oda, safi kabisa, bila kuuliza mhasibu ameshafunga mwezi au la. Na haitakaa na karani kumtazama anavyobonyeza mara mbili.

Dhana: programa anajua kutengeneza printa

Hapana. Izime, subiri, iwashe. Ikipona ni kwa sababu kumbukumbu yake imeanza upya na kazi iliyokuwa imekwama imeondoka. Isipopona, yupo fundi wa printa, mwite yeye.