Hali ya hewa kazini, na mwalimu kuridhika na kazi yake

Ukitaja mazingira ya kazi ya mwalimu wengi wanawaza madawati, madarasa na vyoo. Sawa, navyo vimo, ila kwenye mambo ya uongozi wa shule ukisikia hali ya hewa kazini ujue wanaongelea watu wanavyojisikia wakiwa pale. Ingia stafurumu saa ya mapumziko, stori zimenoga, mmoja anasema somo la sehemu kwenye hesabu limegoma kabisa kueleweka leo na mwenzake anamwonyesha njia anayotumia yeye, mara mkuu huyo kaingia. Stori ikiendelea na mkuu akavuta kiti, ushapata jibu hali ya hewa ya pale ikoje. Wote wakiinamia madaftari ghafla kama wanasahihisha, pia ushapata jibu.

Watafiti Halpin na Croft kule Marekani, 1963, walizipanga shule kuanzia yenye hali ya uwazi mpaka iliyojifunga, wakiangalia mfano mkuu anajali walimu au kajiweka mbali nao, na makaratasi anayowajazisha yanasaidia au yanakwamisha kazi (hapa kwenye makaratasi najua kuna watu mmeguna).

Kuridhika na kazi ni kitu tofauti kidogo. Hali ya hewa ni ya wote, kuridhika ni kwako mwenyewe, ukiipima kazi yako unaipenda au unaivumilia tu. Ndo maana stafurumu ileile mmoja ana amani na mwingine anatafuta uhamisho.

Na mshahara je? Mwanasaikolojia Herzberg, 1959, aliona vinavyomkera mtu kazini sio vilevile vinavyompa raha, yaani mshahara na usimamizi mbovu vinakera, vikirekebishwa kero inapungua lakini raha yenyewe inatoka kwenye kufanikisha kitu na kutambuliwa. Tatizo alihoji wahasibu na mainjinia, sio walimu, na kwenye mshahara amepingwa sana, mi mwenyewe sioni utamwambiaje mtu ambaye hajalipwa kwamba hela haihusiki na furaha yake.

Halafu wengi wanasahau kwamba hii kitu inaenda pande zote mbili. Hewa mbaya inamchosha mwalimu, na mwalimu aliyechoka anaichafua zaidi, haji vikaoni, akija anaguna, na yule mgeni aliyeripoti juzi akibaki jioni kuandaa vifaa vya somo anaulizwa we unajituma hivyo ili iweje.