Acheni Kung'oa Kapasita Zisizo na Kosa

Mimi ni fundi wa vyombo vya zamani vya kupimia umeme, na mwezi huu amekuja mteja wa tatu mwenye ombi lile lile. Safari hii alikuwa fundi sanifu wa maabara ya chuo kimoja, kijana mwenye adabu, aliyebeba osiloskopu ya Tektronix 465, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, mkono mmoja na mfuko wa nailoni wenye kapasita mpya 62, vile vijisehemu vinavyohifadhi umeme kwa muda, mkono wa pili. Aliniamkia, akaweka vyote viwili mezani, kisha akatamka maneno ambayo nilikwisha kuyasikia kabla hajafungua kinywa: "Mzee, naomba unibadilishie kapasita zote kwanza, halafu ndiyo tutafute tatizo." Nilimkaribisha chai na nikakataa. Kwa kuwa nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, na kwa kuwa chai nayo ina gharama yake, leo naliandika.

Imani hii, kwamba kapasita ya zamani ni mbovu hata kabla ya kupimwa, ina asili yake, na asili hiyo si ya kipumbavu. Waliotutangulia walitengeneza redio za vali, ile mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista, na ndani ya redio hizo mlikuwa na kapasita za karatasi zilizozibwa kwa nta, zikiwa zimekaa kati ya anodi ya vali moja, inakotokea sauti, na gridi ya vali inayofuata, inakoingilia. Karatasi ile hunyonya unyevu, kapasita huanza kupitisha umeme mnyoofu (DC) kidogo, volti ya gridi hupanda, na vali ya mwisho huungua pamoja na transfoma yake. Fundi aliyezibadilisha zote bila kuzipima alikuwa na haki kamili. Baadaye, kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, zikaja kompyuta na vifaa vingine vyenye kapasita za elektroliti, zenye maji ya kemikali ndani, zilizovimba vichwa na kutapika katika miaka michache, kwa sababu maji ya ndani yalichanganywa vibaya kiwandani. Kizazi kizima cha mafundi kilifunzwa na vifaa hivyo viwili kwamba kapasita huzaliwa na hatia.

Sasa mtu huyo huyo anakutana na chombo kilichoanza kuuzwa mwaka 1972, kilichoundwa kwa ajili ya mafundi wa kompyuta kubwa na wa mitambo ya mawasiliano, chenye makopo makubwa ya alumini, yaani kapasita za elektroliti, kwenye sehemu ya kuchuja umeme, na anakihukumu kwa tarehe yake ya kuzaliwa. Makopo ya namna hiyo nimeyapima mengi. Mengi yake, baada ya miaka 40 na zaidi, bado yana thamani (kiasi cha umeme kinachoweza kuhifadhiwa) iliyoandikwa ubavuni au hata kuizidi, kwa maana tangu mwanzo viwanda viliruhusu thamani halisi iwe juu ya maandishi kwa kiasi kikubwa. Kinachoua kopo la alumini ni joto, kifuniko cha mpira kilichochoka, na kukaa miaka mingi bila umeme hadi utando wa oksidi wa ndani ukadhoofika, wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosomeka kwenye kalenda.

Kupima si kazi ngumu. Osiloskopu ya 465 ina laini tano za umeme uliodhibitiwa: volti +110, +55, +15, +5 na −8. Laini ya +55 ndiyo mama, kwa kuwa nyingine hujilinganisha nayo, hivyo huanziwa hiyo. Ikiwa haiko sawa, usipoteze muda kwenye nyingine. Laini zote zikiwa mahali pake, tazama kila moja kwa osiloskopu nyingine na uone mawimbi mabaki yaliyopanda juu yake. Hapa kwetu, ambako umeme wa ukutani ni wa hezi 50, kapasita ya kuchuja iliyochoka huacha alama ya hezi 100, mara mbili ya ule wa ukutani, isiyofichika. Kisha ushushe umeme wa kuingilia taratibu hadi kiwango cha chini ambacho kitabu cha chombo kinaruhusu, huku chombo kikifanya kazi zote, kwa sababu kapasita dhaifu hujificha umeme ukiwa mwingi na huumbuka umeme unapopungua. Ikiwa hata hapo yamebaki mawimbi ya milivolti chache tu, kapasita imekujibu. Unataka ikwambie nini tena?

Hapa huinuka mwenye kipima ukinzani wa ndani wa kapasita, kile kinachopima kwa kilohezi 100 na kubandikwa jedwali usoni, akaniambia kwamba kopo langu limezidi namba ya jedwali. Jedwali hilo linafaa sana kwa umeme wa kukatakata kwa kasi (switch-mode), ambamo kapasita hufanya kazi kwenye makumi ya kilohezi. Kopo la kuchuja umeme wa hezi 100 halina haja ya kufaulu mtihani wa kilohezi 100. Nami ninacho kipima hicho, na ninakipenda, lakini ninakitumia kulinganisha kapasita mbili zinazofanana ndani ya chombo kimoja zaidi ya kukitumia kama hakimu.

Wengine husema: sawa, lakini kubadilisha kuna hasara gani? Kapasita 62 zina miguu isiyopungua 124, na kila mguu ni tundu lililotiwa shaba kwa ndani, ambalo pasi ya kulehemu yenye moto uliozidi hulivuta likatoka pamoja na mguu. Tundu hilo ndilo lililounganisha njia ya juu ya bodi na ya chini, kwa hiyo umeshakata saketi bila kujua. Tia na uwezekano wa kugeuza polariti ya moja tu kati ya hizo 62. Chombo kilicholetwa kikiwa na kosa moja sasa kina matatu, na mawili kati ya hayo ni mageni ambayo hayatajwi na kitabu chochote, kwa kuwa umeyaumba wewe.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, na hawa ndio wanaonikosesha usingizi. Waliingia mpaka kwenye saketi za kupunguza mawimbi nyuma ya paneli ya mbele, wakang'oa vikapasita vidogo vya seramiki na kuweka vipya "vya thamani hiyo hiyo". Osiloskopu ya megahezi 100 inatakiwa kuonyesha mpando, yaani muda wa wimbi kupanda kutoka chini hadi juu, wa nanosekunde 3.5, na kwa kasi hiyo urefu wa mguu wa kapasita ni sehemu ya saketi, mahali ilipolalia ni sehemu ya saketi, na aina ya seramiki iliyotumika ni sehemu ya saketi. Nililetewa moja iliyofanyiwa hisani hiyo. Iliwaka, ikachora mstari mzuri, mwenyewe akafurahi. Nilipoipa wimbi la mraba lenye kingo kali, kona ya wimbi iliruka juu kama nundu ya ng'ombe. Mwanafunzi anayeitumia atakaa wiki nzima akitafuta nundu hiyo ndani ya amplifaya yake mwenyewe. Redio ikiimba vizuri umemaliza kazi. Chombo cha kupimia kikiwaka, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Nisije nikaeleweka kwamba sing'oi kitu. Kapasita za karatasi na nta, naondoa bila kuuliza. Zile za kampuni ya RIFA zenye ganda angavu la rangi ya asali, zinazokaa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, naondoa hata kabla ya kuchomeka waya, kwa sababu ganda hupasuka, unyevu huingia, na siku moja hujaza chumba moshi. Betri za nikeli na kadimiamu zilizovuja, naondoa siku hiyo hiyo. Osiloskopu ya Tektronix 2465B ina kapasita ndogo za elektroliti zilizolehemewa juu ya uso wa bodi ya udhibiti, ambazo huvuja na kula njia za shaba. Hizo nazo hazisubiri. Kila aina katika hizo ina sababu yake, na sababu hiyo si umri.

Zimebaki kapasita za tantalamu, zilizotengenezwa kwa madini ya jina hilo, nami hapa sina msimamo, na ni afadhali niseme wazi. Kapasita ya tantalamu haizeeki taratibu. Huwa nzima asubuhi na ikawa shoti jioni, na laini nzima ya umeme huanguka nayo. Kwenye 465 hilo ni kosa la kila siku. Ukizima chombo na kupima ukinzani kati ya kila laini na ardhi, laini yenye shoti hujitaja yenyewe; kisha unaipitishia mkondo kidogo uliodhibitiwa na kufuata milivolti kwenye njia ya shaba mpaka pale zinapokoma kupungua. Hapo ndipo alipo mkosaji. Swali ni la ndugu zake: zile za toleo lile lile, kwenye laini ile ile, ambazo leo zinapima vizuri. Kwa miaka kadhaa nilizibadilisha zote, kisha kwa miaka mingine nikaziacha, na sijaweza kusema kwa uaminifu kwamba vyombo vya kundi moja vimerudi kwangu zaidi ya vya kundi la pili. Siku hizi nabadilisha zile zinazofanya kazi karibu sana na kikomo cha volti kilichoandikwa juu yake, na nyingine naziacha. Ukiniuliza kama huo ni uamuzi au ni uchovu, nitakuomba tubadilishe mazungumzo.

Katika kuwasha kwa mara ya kwanza, tumia balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyounganishwa mfululizo na chombo, ili ikiwa kuna shoti balbu iwake na kuzuia mkondo. Usitumie ujanja huo, wala transfoma ya kupandisha volti polepole, kwenye chombo chenye umeme wa kukatakata kama 2465, kwa sababu umeme wa namna hiyo huvuta mkondo zaidi kadiri volti inavyopungua. Na kabla ya yote hakikisha kichagua volti hakijaachwa kwenye 115 tangu chombo kilipotoka Marekani.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba kapasita zimechukua lawama ya unyevu. Mimi nafanya kazi Dar es Salaam, na chombo kilichokaa miaka kumi katika stoo ya pwani kina chumvi ndani yake, kina ukungu, na mara nyingine kina mayai ya mjusi. Makosa mengi ninayoyakuta ni ya miguso. Transista nyingi za 465 zimekaa kwenye soketi. Ichomoe moja moja, ifute miguu, irudishe pale pale ilipokuwa, na utashangaa ni matatizo mangapi yamekimbia. Swichi zake za paneli ya mbele zina vidole vyembamba vinavyogusa dhahabu iliyopakwa kwenye bodi, na vidole hivyo havitaki dawa ya kupulizia ya dukani yenye mafuta. Vinataka kipande cha karatasi laini kilicholowa spirti ya isopropili, kipitishwe taratibu chini ya kidole bila kukikunja. Rezista za kaboni nazo hunyonya unyevu na kupanda thamani, nyakati nyingine kwa asilimia 20 au zaidi, na bado sijamwona mtu akija na mfuko wa rezista akinitaka nibadilishe zote.

Jambo la mwisho ni ugezi, yaani kuhakiki na kusahihisha usahihi wa vipimo, na hapa wabadilishaji wa kila kitu hufanya msiba wa kweli. Multimita (kipima volti, mkondo na ukinzani) ya HP 3478A haina skrubu za kurekebisha. Masahihisho yake yamehifadhiwa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ya lithiamu iliyolehemewa kwenye bodi. Mteja mmoja aliing'oa betri hiyo pamoja na kapasita, akaweka mpya kwa ustadi mkubwa, na multimita ikasahau kila kitu kilichoifanya iwe multimita. Betri hiyo hubadilishwa huku kumbukumbu ikiendelea kupata volti 3 kutoka betri ya muda iliyounganishwa sambamba, na pasi ya kulehemu ikiwa imechomolewa ukutani wakati ncha inagusa. Nimeifanya mara nyingi, na hakuna hata mara moja mkono wangu ulipotulia.

Na mimi mwenyewe ninapothibitisha kwamba laini ya +55 imerudi kuwa 55, ninathibitisha kwa multimita yangu, ambayo nayo ni ya zamani. Ninazo mbili za viwanda tofauti ninazozilinganisha kila mwezi. Zikikubaliana nafurahi, ingawa najua kuwa zinaweza kukubaliana katika kosa. Maabara za ugezi zipo, za TBS (Shirika la Viwango Tanzania) hapa na KEBS (la Kenya) kwa majirani, na mteja ambaye kazi yake inahitaji cheti namwelekeza huko. Risiti yangu haisemi chombo ni sahihi. Inasema nilichopima, kwa chombo gani, na tarehe.

Tuirudie 465 ya kijana wa chuo. Laini ya +15 ilikuwa na shoti. Ilikuwa tantalamu moja, yenye ukubwa wa punje ya harage, na kuitafuta kulichukua muda wa vikombe viwili vya chai. Laini zote tano zilirudi, mawimbi mabaki yakawa ndani ya kiwango, na makopo makubwa ya mwaka wa shetani hayakuguswa. Kwa udadisi nilichukua kapasita 10 kutoka mfuko wake nikazipima mbele yake. Nne, zilizoandikwa mikrofaradi 100, zilikuwa chini ya 70. Na moja, nilipoichana ganda, ilikuwa na kikopo kidogo kilichovalishwa kikopo kikubwa, kama mtoto aliyevaa kanzu ya babu yake. Aliurudisha mfuko dukani kesho yake, na nasikia walimkatalia.