Kapi hatambuliwi kwa rula peke yake

Katika kutambua spishi za kapi, samaki wa maji baridi, dhana inayochosha kuliko zote ni hii: gawanya kimo cha mwili (mgongo hadi tumbo) kwa urefu, linganisha na jedwali, spishi imepatikana. Haijapatikana. Kimo cha mwili ni kipimo kinachoyumba sana kwa kapi. Chukua Carassius carassius, mmoja wa jamii ya kapi. Akiishi na samaki mwindaji kama Esox lucius, mgongo wake hupanda na mwili ukawa wa kimo kikubwa, hivyo mwindaji hupata taabu kumbana kinywani. Pasipo mwindaji, wakiwa wamesongamana na chakula ni haba, spishi hiyohiyo hubaki nyembamba. Wapime wa maji hayo mawili na utaapa kwamba ni spishi mbili. Ongeza jike aliyejaa mayai au samaki aliyeshiba, uwiano unapotoka tena.

Halafu kuna umri. Viungo havikui kwa kasi moja: jicho la samaki mchanga ni kubwa likilinganishwa na kichwa, kisha kichwa hukua kulipita. Basi ukivua wa milimita 60 juu ya mto na wa milimita 250 chini yake, "tofauti" uliyoipata ni ukubwa tu. Kugawanya kwa urefu hakuiondoi. Chora logi (logarithimu) ya kipimo dhidi ya logi ya urefu wa kawaida (nitaueleza chini), chukua mteremko wa mstari, uite b, kisha zidisha kila kipimo kwa (wastani wa urefu wa sampuli ÷ urefu wa samaki huyo) kipeo cha b. Baada ya hapo ndipo ulinganishe.

Hata hivyo, hesabu kwanza, pima baadaye. Vinavyohesabika haviyumbi kwa shibe wala mayai. Jozi mbili za sharubu ni Cyprinus carpio, kapi wa kawaida. Carassius hana sharubu. Sharubu ndogo, au jozi moja tu, zikutie shaka ya chotara. Fungua koo: Cyprinus ana meno ya kooni kwa safu tatu kila upande (1.1.3–3.1.1, yaani idadi ya meno kwa kila safu, kushoto na kulia), Carassius safu moja (4–4). Kati ya C. carassius na ndugu yake C. gibelio, hesabu vichujio, yaani vijino vya kuchuja chakula, kwenye tao la kwanza la mashavu (viungo vya kupumulia): 23–33 kwa wa kwanza, 37–52 kwa wa pili. Kazi ya dakika chache, na wengi huikwepa kwa sababu inahitaji mkasi na lenzi.

Dhana nyingine potofu ni hizi. "Urefu ni urefu." La. Urefu wa kawaida huanzia ncha ya pua hadi mwisho wa mfupa kwenye shina la mkia. Urefu wote hufika ncha ya mkia, ambayo mara nyingi imechanika. Ukichanganya viwili hivyo, jedwali zima ni la kutupa. Tumia kalipa (kifaa cha kupimia chenye taya mbili), ubavu wa kushoto, mpimaji mmoja.

"Kapi kioo ni spishi nyingine." Ni Cyprinus carpio yuleyule, jeni zimempunguzia magamba. Kwake usihangaike kuhesabu magamba ya mstari wa pembeni.

"Kapi wa fedha na wa kichwa kikubwa wanatofautishwa kwa urefu wa kichwa." Mgeuze tumbo. Ukingo mkali ukianzia kooni hadi mkunduni ni wa fedha. Ukianzia kwenye mapezi ya tumbo, ni wa kichwa kikubwa.

"Waliohifadhiwa hawabadiliki." Formalini na pombe huwasinyaza. Wabichi na waliohifadhiwa wasikae kwenye jedwali moja.