Kurudisha programu dhibiti kwenye kifaa baada ya Linux kuamka

Adapta ya Wi-Fi ya USB yenye chipu ya AR9271 hupoteza programu dhibiti yake (firmware, programu inayoiendesha chipu yenyewe) kila ikikatiwa umeme. Draiva yake (programu ya Linux inayokitumia kifaa), ath9k_htc, huipakia upya inapochomekwa: faili la takriban KB 50 linasukumwa vipande vya baiti 4096 kwa ombi la USB namba 0x30, kisha ombi 0x31 linaiambia chipu ianze kazi. Mashine ikilazwa na mlango wa USB ukakosa umeme, yote hayo yanafutika. Kwa anayeandika draiva, jibu linaonekana jepesi: ita tena `request_firmware()`, inayoiomba keneli (kiini cha Linux) faili hilo, ndani ya resume, yaani sehemu ya draiva inayoitwa mashine ikiamka. Ni sahihi, ila kwa masharti.

Keneli inapolaza mashine huanza kwa kugandisha michakato ya watumiaji, ndipo inalaza vifaa. Kuamka ni kinyume chake: vifaa huanza, michakato huja mwisho. Kwa hiyo draiva yako inapolitaka faili, huenda diski yenye `/lib/firmware` bado imelala, na mchakato wowote ambao ungekusaidia kupitia sysfs (mafaili ya `/sys` ya kuwasiliana na keneli) bado umeganda. Kibaya zaidi, kosa hili hujificha. Faili lililosomwa muda mfupi uliopita huwa bado liko kwenye kurasa za RAM, kwa hiyo mezani jaribio linapita kila mara. Mashine ikishinda kutwa na kazi nzito, kurasa hizo hutolewa kupisha nyingine, na hapo ndipo mtumiaji anaamsha kompyuta na kukuta Wi-Fi haipo.

Tangu toleo la 3.7 keneli ina dawa yake. Kila faili unalolipata kwa `request_firmware()`, jina lake huandikwa kwenye orodha ya kifaa chako. Kabla ya kugandisha chochote, keneli hupitia orodha hiyo na kuyasoma mafaili yote hadi RAM. Akiba hiyo hubaki humo hadi sekunde 10 baada ya kuamka. Hata kama uliita `release_firmware()`, yaani kuliachia faili, zamani, jina halifutiki mpaka kifaa kiachane na draiva. Kwa hiyo usijitengenezee akiba yako pasipo sababu.

Akiba hiyo ina mipaka, na mipaka yenyewe ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi. `request_firmware_into_buf()` haiingizwi. `request_firmware_nowait()` huingizwa tu ikiwa hoja yake ya uevent (kuitaarifu michakato ya watumiaji) ni true. Faili ambalo draiva haikuwahi kuliomba kabla ya kulala, mathalani la sehemu ya chipu ambayo haijatumika bado, halimo. Tena, akiba husomwa upya kila mashine inapolazwa: kifurushi cha linux-firmware kikisasishwa katikati, utaamka na toleo jipya. Kwa hiyo kichwa cha faili kichambuliwe upya kila mara. Usitumie ukubwa na anwani ulizokariri wakati wa probe, yaani draiva ilipokabidhiwa kifaa mara ya kwanza.

Kwa vifaa vya USB, andika `reset_resume` (inayoitwa kifaa kikiwa kimeanzishwa upya) pamoja na `resume`. Isipokuwepo, na mlango ukawa umepoteza umeme, keneli huiondoa draiva na kuifunga upya: wlan0 (jina la Wi-Fi kwenye mfumo) inatoweka na kurudi, na miunganisho yote inakatika. Jambo jingine ni bafa, eneo la kumbukumbu la kupitishia data. Data ya `struct firmware` inaweza kuwa kwenye kumbukumbu ya vmalloc (isiyo mfululizo ndani ya RAM), ambayo haifai kwa DMA ya USB, yaani maunzi kusoma RAM moja kwa moja. Ath9k_htc hutenga bafa ya baiti 4096 kwa kmalloc (iliyo mfululizo) na kunakili kila kipande humo kabla ya kukituma. Fanya vivyo hivyo.

Usidhani unajua hali ya kifaa ukiamka. Kwenye s2idle (usingizi mwepesi) huenda umeme haukukatika na programu bado inatembea. Ukiamka kutoka kwenye taswira ya RAM iliyoandikwa diskini, hali ni ngumu zaidi: keneli iliyowaka kwanza ili kuisoma taswira hiyo inaweza kuwa imeshapakia programu dhibiti yake, wakati draiva yako inakumbuka hali ya kabla ya kulala. Mimi hushauri kukirudisha kifaa mwanzo kabisa kwanza, kusoma rejista kuthibitisha kiko tayari, kisha kupakia. Milisekunde chache hizo zina thamani kuliko chipu iliyogoma.

Kwa majaribio, `echo devices > /sys/power/pm_test` (kulaza na kuamsha vifaa kwa majaribio tu) ni mwanzo mzuri, lakini haikati umeme: kifaa kinabaki na programu yake na kosa lako halionekani. Angalia `/sys/power/mem_sleep`, ikiwa deep (usingizi mzito) ipo, ichague, rudisha pm_test kuwa none, kisha:

`sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`
`rtcwake -m mem -s 30`

Amri ya kwanza inafukuza zile kurasa zinazoficha kosa. Rudia mara ishirini, kisha tafuta kwenye dmesg (ujumbe wa keneli) mstari wa "Direct firmware load". Mstari huo ukiishia na -2, faili halikupatikana: linganisha jina unaloliomba kwenye resume na lile la probe, herufi kwa herufi.