Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba?

Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe, Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, tazama juu. Dari imebebwa na boriti zilizopangwa kwa karibu, moja baada ya nyingine. Sasa pima chumba kwa hatua. Urefu utakwenda na kwenda, lakini upana ni hatua nne tu, umeshagusa ukuta. Mwenye nyumba alikuwa na uwezo wa kujaza ukuta vidaka na sahani za Kichina, na bado alilala kwenye chumba kama ujia.

Jibu liko topeni. Boriti hizo ni mikoko, miti inayoota kwenye tope la pwani, na juu yake limelala dari la mawe ya matumbawe na chokaa, zito kwelikweli. Ukuta hadi ukuta ukizidi kama mita tatu, boriti huanza kupinda. Fundi akitaka nafasi zaidi, alirefusha chumba, kukipanua hakuthubutu.

Mti wenyewe ulikuwa na madaraja yake, na wakataji wa Lamu wanayajua kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fito za kukandikia nyumba ya udongo, pau za kuezekea makuti. Mikoko ina aina zake pia: mlilana ulitoa mataruma, yaani mbavu, ya vyombo vya baharini, na magome mekundu ya mkandaa yalisindika ngozi. Kusi likianza kuvuma, majahazi yalirudi Oman na nchi nyingine za Ghuba yakiwa yamesheheni boriti, kwa kuwa kule miti ya kujengea ni haba. Ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba za kale za huko navyo vina upana huohuo. Mkoko wa Lamu uliwapimia watu vyumba ng'ambo ya bahari!

Lakini mti huu unaishije kwenye maji ya chumvi? Kila aina ina ujanja wake. Aina iitwayo mkoko wenyewe huchuja sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu, aina nyingine, huiingiza, kisha huitoa kupitia majani. Chuma jani siku ya jua, lilambe, utaonja. Na kwa kuwa tope halina hewa, mchu huchomoza vijizizi juu kama penseli zilizosimikwa, vipumue maji yakitoka. Mbegu ya mkoko nayo huota ingali mtini, ikaning'inia kama ganda refu la kijani, kisha ikadondoka na kusimama topeni.

Katikati ya mizizi hiyo ndimo wanamokulia kamba, kaa na samaki wachanga wengi. Mawimbi yakifika hapo huwa yamepungua nguvu. Tope nalo hufukia majani na mizizi iliyokufa, na kaboni yake hukaa chini kwa mamia ya miaka.

Kenya, ambayo zaidi ya nusu ya mikoko yake iko Lamu, ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wameuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, yaani wamelipwa kwa kuitunza mikoko iendelee kuishika hewa hiyo, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu miaka ya 2010, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Kwa mahitaji ya nguzo, walipanda mivinje ili wasikate mikoko.