Sesheni ikikatika, liache nenosiri

Jana nimepokea tiketi nyingine ya msaada kuhusu cPanel, paneli ya kuendeshea tovuti kwenye seva, yenye maneno yale yale: "Nimebadilisha nenosiri mara sita, bado cPanel inanitoa." Mara sita! Jamani, ukiambiwa sesheni imekwisha, yaani ule muda wako wa kuwa ndani baada ya kuingia, liache nenosiri lako.

Unapoingia, seva hukagua nenosiri mara moja tu. Likikubaliwa, unapewa vitu viwili: kuki, faili dogo la utambulisho linalokaa kwenye kivinjari, na tokeni, namba ya siri ya sesheni hiyo inayoonekana kwenye anwani ya ukurasa, ile cpsess yenye tarakimu 10. Kuanzia hapo nenosiri limemaliza kazi yake. Kila unapobofya, seva inadai kuki na tokeni. Kwa hiyo ukiona ujumbe kwamba tokeni si sahihi, au kwamba anwani yako ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti) imebadilika, ujue uliingia vizuri kabisa, umekwama baadaye.

Ya tokeni ni nyepesi: umehifadhi alamisho yenye cpsess ya juzi. Ifute, ingia upya kwa jina la tovuti na mlango (port) wa 2083, au 2087 kwa WHM, paneli ya msimamizi wa seva. Basi.

Inayonisumbua ni ya IP, maana hapo ndipo watu wanapokimbilia nenosiri. WHM ina mpangilio unaofunga kuki na anwani ya IP, nao una ngazi tatu. Mpangilio ukiwa mkali, anwani lazima iwe ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Ukiwa legevu, inatosha sehemu tatu za kwanza kati ya nne zifanane. Ukizimwa, seva haiulizi. Kwa mteja wangu wa jana nilifungua session_log, kumbukumbu ya sesheni kwenye seva. Sesheni mpya juu ya sesheni mpya, na anwani mbili zikipokezana, zisizofanana hata sehemu ya kwanza. Nikamuuliza: ruta yako ina laini mbili za intaneti? Anazo, zinagawana mzigo. Anaingia kupitia laini moja, bofyo la pili linapita laini nyingine, seva inaona kuki yake imeshikwa na mgeni. Inamtoa, na ina haki. VPN (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) inayokatikakatika huleta hali hiyo hiyo, na simu inayohama kati ya Wi-Fi na data pia.

Sasa tazama nenosiri jipya lilivyomponza. Programu yake ya FTP, ya kuhamisha mafaili, na ile ya barua pepe kwenye simu bado zilikuwa na nenosiri la zamani, zikaendelea kubisha hodi. cPHulk, mlinzi wa cPanel dhidi ya wanaobahatisha nenosiri, ikahesabu majaribio yaliyoshindwa, ikaifunga akaunti. Akaunti ikishafungwa hivyo, hata nenosiri sahihi hukataliwa, na ujumbe unasema tu kwamba maelezo ya kuingia si sahihi. Naye akalibadilisha tena! Alianza na tatizo moja la mtandao, akamaliza siku akiwa na mawili, na la pili alilitengeneza mwenyewe kwa sababu kila mtu humwambia "badilisha nenosiri kwanza."

Tiba ilikuwa kuielekeza trafiki ya paneli kwenye laini moja. Nilikataa kulegeza ukaguzi wa IP, ingawa nakiri hapa huwa nasita. Kwa anayefanya kazi akiwa njiani na simu, ngazi kali haivumiliki, na nimewahi kuizima kabisa. Tokeni bado inamlinda kiasi, lakini aliyeiba kuki na tokeni pamoja hana kizuizi tena. Kila nikiifikiria seva ile natamani kurudi kuiwasha.

Na kama wanaotolewa ni wateja wote kwa pamoja, achana na IP. Sesheni huandikwa kwenye diski, ndani ya /var/cpanel/sessions. /var ikijaa, hakuna sesheni inayoandikika. Piga amri ya df -h uone nafasi, kisha df -i uone inodi (nafasi za kusajili mafaili), kwa sababu inodi zinaweza kuisha huku nafasi bado ipo tele.